Gitega kwa Siku Mbili: Makumbusho Kwanza, Ngoma Baadaye

Anayekwenda Granada, Hispania, kupumzika mwisho wa juma hupangiwa muda na tiketi yake. Tiketi ya Alhambra huandikwa saa ya kuingia katika majumba ya watawala wa ukoo wa Nasr, na atakayechelewa hana wa kumlalamikia. Gitega haina tiketi ya namna hiyo. Mji huu, ambao ulithibitishwa kuwa makao makuu ya kisiasa ya Burundi mwaka 2019, humwachia mgeni ajipangie mwenyewe, na hapo ndipo wengi wanapokosea. Hukimbilia ngoma za kilima cha Gishora, wakapiga picha, wakageuza gari kurudi Bujumbura. Ninavyoona mimi, kinacholeta faida katika ziara fupi ni mpangilio wa mahali, si wingi wake, na kwa Gitega mpangilio unaofaa ni mmoja tu: makumbusho yatangulie, ngoma ifuate.

Sababu imo ndani ya neno lenyewe. Sisi Waswahili tukisema ngoma tunakusudia chombo, au mchezo unaochezwa kwa chombo hicho. Katika Kirundi, ingoma ni chombo na ni ufalme pia. Kusema ingoma ya mwami fulani, yaani mfalme, ni kusema utawala wake. Wazo hilo halikuwa geni hata pwani, kwani Mwinyi Mkuu wa Unguja alikuwa na ngoma na siwa zake za enzi pale Dunga. Ila Burundi wazo lilikwenda mbali zaidi. Ngoma kuu, Karyenda, ilikuwa alama ya ufalme wenyewe, na katika sherehe ya umuganuro, ambapo mwami alifungua msimu wa kupanda mtama, ngoma ndizo zilizotangaza kwamba sasa jembe liingie ardhini. Gishora ni tunda la historia hiyo. Masimulizi husema Mwami Mwezi Gisabo, aliyetawala tangu katikati ya karne ya 19 hadi mwaka 1908, alipafanya boma lake baada ya kumshinda mtawala mdogo aliyemwasi, Ntibirangwa. Ngoma mbili takatifu za hapo zina majina yanayojieleza: Ruciteme, yule ambaye watu humfyekea msitu, na Murimirwa, yule ambaye watu humlimia. Msitu, shamba na mfalme vimo ndani ya majina mawili. Mgeni asiyeyajua haya ataona vijana wenye nguvu wakiruka juu, basi.

Makumbusho ya Taifa ya Gitega, yaliyoanzishwa mwaka 1955, hutoa maarifa hayo kwa muda wa saa moja au mbili. Ni madogo, na anayetarajia kumbi za Prado ya Madrid atashangaa. Lakini udogo huo ndio unaofaa. Vyombo vya nyumbani, vikapu, mikuki, vitu vya ikulu na picha za zamani viko karibu karibu, kiasi kwamba macho hayapati nafasi ya kuchoka, na mtu huanza kuona jinsi kilimo, ng'ombe na ufalme vilivyofungamana. Kutoka hapo hadi kilima cha Gishora ni kilomita 7 hivi. Sasa mgeni anajua la kutazama. Anatambua kwamba ngoma zimechongwa katika mti ambao Warundi wenyewe huuita umuvugangoma, mti unaoisemesha ngoma. Anaona kwamba ngoma ya katikati, inkiranya, ndiyo inayoongoza, kwamba amashakwe hushikilia mdundo usiobadilika, na kwamba ibishikizo huifuata inkiranya. Anaelewa pia kwa nini wapigaji huingia na ngoma kichwani: ni namna ya kuupa mzigo heshima yake.

Wapo watakaosema ngoma haisomwi, inasikika kifuani, na kwamba kumpeleka mtu makumbusho kwanza ni kumfanya mwanafunzi siku ya mapumziko. Nusu ya kauli hiyo ni kweli. Mdundo humfikia hata asiyejua neno moja la Kirundi. Lakini furaha isiyo na maana nyuma yake huisha kabla gari halijafika lami, na aliyetoka Bujumbura, kiasi cha kilomita 100 za milima, anastahili zaidi ya hapo. Pingamizi la pili ni zito zaidi: ufalme ulifutwa Novemba 1966, umuganuro ulikuwa umeshakoma enzi za ukoloni, kwa hiyo kinachopigwa Gishora leo ni maonyesho ya watalii. Sikatai kwamba mgeni hulipia. UNESCO iliiweka ngoma hiyo katika orodha ya urithi wa binadamu mwaka 2014, na miaka mitatu baadaye serikali ikatoa amri ya kuidhibiti, ikiwemo kuwazuia wanawake kuipiga, amri iliyozua ubishi mkubwa. Kwangu mimi ubishi wenyewe ni jibu. Hakuna anayegombania haki ya kupiga kitu kilichokufa. Ngoma iliyopoteza mfalme wake bado inagombaniwa na serikali, wasanii na wanawake, na mgeni aliyepitia makumbusho atajua wanagombania nini.

Vipi kuhusu mji wa Muyinga? Ratiba nyingi humbana mgeni aunganishe miji miwili katika mwisho wa juma mmoja kwa kupita Karusi. Ramani inaruhusu, ila sishauri. Muyinga ina mambo yake yasiyohusiana na ngoma: maktaba iliyojengwa mwaka 2012 kwa matofali ya udongo ulioshindiliwa, yenye wavu mkubwa wa kamba za katani ambamo watoto hukaa wakisoma, na ambayo ilikusudiwa kwanza watoto viziwi, kisha Hifadhi ya Taifa ya Ruvubu, kubwa kuliko zote nchini, yenye viboko na nyati kando ya mto ambao maji yake huishia katika Nile. Mto unataka asubuhi nzima na utulivu. Maktaba, kwa kuwa ni ya shule, inataka ruhusa. Kuvichomeka vyote hivi baada ya Gishora ni kuvikosa.

Hali ya nchi nayo inaunga mkono safari ya mahali pachache. Kwa miaka kadhaa sasa foleni za petroli zimekuwa sehemu ya maisha ya Burundi, na mpango unaotegemea kilomita nyingi unaweza kuvunjika kituoni. Tena Jumamosi asubuhi ni wakati wa kazi za pamoja, na magari hayapiti kwa uhuru hadi kazi ziishe. Kwa hiyo fika Ijumaa jioni, ulale Gitega, ule mishikaki ya mbuzi na ndizi, ukijaliwa upate na impeke, pombe ya mtama uleule ambao umuganuro ulifungua msimu wake. Ulizia mapema makumbusho yanafunguliwa saa ngapi na kama wapiga ngoma watakuwepo. Na uchukue sweta: Gitega iko mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai huko ni wa baridi.