Kanisa na shule (3): Kasisi mwaka 1890, askofu mwaka 1963

Wiki iliyopita tuliishia Unguja, Agosti 1864, Askofu Tozer na Padri Edward Steere wa misheni ya UMCA walipowasili. Shule yao ilianza na wavulana watano waliotolewa kwenye jahazi la watumwa lililokamatwa. Sultani Majid ndiye aliyewakabidhi kwa askofu. Hawakuwa na mjomba wa kuwaulizia. Kwa hiyo tunapojisifu kwamba wazee wetu waliipenda elimu tangu mwanzo, tukumbuke kuwa wanafunzi wa kwanza hawakuulizwa kama wanataka kusoma.

Walisoma hata hivyo, tena kwa Kiswahili. Shule ikahamia Kiungani, ikawa chuo cha walimu na makasisi. John Swedi, mmoja wa wale watano, akapewa ushemasi mwaka 1879. Cecil Majaliwa, Myao aliyetekwa utumwani angali mtoto, alipelekwa hadi Canterbury kusoma, na mwaka 1890 akawa kasisi wa kwanza Mwafrika wa misheni hiyo.

Miaka 26 tangu Tozer afike hadi Majaliwa kupewa ukasisi si mingi, ukizingatia waliianza kazi kwa alfabeti. Kinachonisumbua ni kilichofuata. Majaliwa alikuwa akihudumu Chitangali, kusini, karibu na Ruvuma, katikati ya Wayao wenzake, mbali na macho ya Wazungu, na kazi ikamkubali. Lakini daraja la uaskofu halikuwafikia watu wa UMCA wa Tanganyika hadi mwaka 1963, John Sepeku alipowekwa wakfu kuwa askofu msaidizi. Upande wa CMS, misheni nyingine ya Kianglikana, walitangulia kidogo: Yohana Omari, mwaka 1955. Kufikia 1963 Nyerere alikuwa ameshaapishwa kuwa rais.

Wapo wanaosema elimu haikutosha. Sikubaliani. Mwaka uleule wa 1864, miezi miwili tu kabla Tozer hajafika Unguja, Samuel Ajayi Crowther, Myoruba aliyewahi kuwa mtumwa, aliwekwa wakfu kuwa askofu huko Canterbury. Basi jambo lilikuwa linawezekana, na Waanglikana wote walilijua. Walijua pia mwisho wake: mwaka 1890 vijana wa Kiingereza wa misheni ya Niger waliwakagua watumishi wa Crowther kwa ukali, wakawafukuza wengi, na mzee mwenyewe akafariki Desemba 1891. Aliyerithi kiti chake alikuwa Mwingereza.

Ukiziweka tarehe hizo pamoja unaona hali ya hewa ambamo Majaliwa alipewa ukasisi wake. Shuleni aliaminiwa, altareni akaaminiwa. Lakini uaskofu ni mamlaka ya kumwajibisha hata mmisionari Mzungu, na hapo ndipo imani ilipopungua. Cheti chochote cha Kiungani kisingeziba pengo hilo.

Majaliwa aliondoka Chitangali mwaka 1897, akarudi Unguja. Wiki ijayo tutaangalia kwanza shule alizoziacha huko kusini, na walimu waliozirithi.