KOPO SI MIZANI: KIPIMO CHA HAKI KATIKA JIKO LA KAMBI

Katika makambi ya askari na vituo vya polisi, mara nyingi chakula hupokewa bohari kwa kilo, lakini hupikwa kwa debe, kopo au kikombe. Hapo ndipo ugomvi huzaliwa. Askari hunung'unika kwamba posho haitoshi; mpishi huapa kwamba ametoa kipimo chote; mtunza bohari naye hutazamwa kwa jicho la shaka. Huenda hakuna aliyeiba. Huenda kosa ni la kipimo.

Kopo hupima nafasi. Mizani hupima uzito. Lita 1 ya maji ina uzito wa kilo 1, na kwa hiyo watu wengi hudhani kwamba lita ya kitu chochote ni kilo. Sivyo hata kidogo. Unga wa mahindi uliomiminwa bila kushindiliwa una hewa nyingi ndani yake, na lita 1 yake ni gramu 600 hivi. Maharagwe makavu hukaribia gramu 800, sukari 850, na mafuta ya kupikia 920. Chumvi laini huyashinda maji: hufika gramu 1,200 hivi.

Natutazame mfano. Kambi ina askari 60, na kila mmoja amepangiwa gramu 450 za unga kwa siku. Jumla ni kilo 27. Debe la galoni 4 huchukua lita 18 hivi. Mpishi akilihesabu kuwa ni kilo 18, atapima debe moja na nusu na kuamini kwamba ametimiza wajibu wake. Kumbe lita 27 za unga ni kilo 16 tu na kidogo, na kila askari atapata gramu 270. Daftari litaonyesha kwamba kilo 27 zimetumika, ilhali karibu kilo 11 zimebaki guniani. Ziada isiyoandikwa ni kishawishi cha wizi. Kipimo cha haki kilikuwa madebe mawili na nusu.

Dawa yake ni rahisi. Kwanza, pima kopo likiwa tupu, uandike uzito wake. Pili, lijaze unga bila kulitikisa wala kuushindilia, kisha usawazishe juu kwa kijiti kilichonyooka. Tatu, pima tena na utoe uzito wa kopo. Rudia mara tatu, ujumlishe, ugawe kwa tatu. Hesabu hiyo iandikwe kwa rangi ubavuni mwa kopo: "Unga, gramu kadhaa." Maharagwe yapimwe mbali, na mchele mbali. Unga wa kinu kingine ukiletwa, upimwe upya, kwani unga laini na unga wa chenga havilingani.

Anayetumia vitabu vya zamani vya upishi akumbuke kwamba ratili 1 ni gramu 454, na wakia 1 ni gramu 28 hivi.

Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Lakini kibaba cha unga na kibaba cha chumvi havina uzito mmoja. Mkuu wa jiko aliyelijua hilo huwashibisha askari wake, na huilinda heshima ya mpishi na mtunza bohari.