Hofu si Woga, na Taharuki si Hofu

Siku moja nilikutana na mzee mmoja katika soko la Majengo, hapa mjini Dodoma. Usiku uliotangulia ardhi ilikuwa imetikisika kidogo, nami nikatangaza redioni kwamba wakazi wa mji "wamekumbwa na taharuki". Mzee akanishika mkono. "Mwanangu," akasema, "mimi nilipata hofu, nikasali, nikalala. Hiyo taharuki aliipata nani?"

Sikuwa na jibu. Taarifa ilinifikia kwa Kiingereza, nikaona neno "alarm", nikaandika neno la kwanza lililonijia.

Tuanze na hao Waingereza. "Fear" ni hofu ya kawaida, ile inayokaa moyoni. "Alarm" asili yake ni Kiitaliano, na maana yake ya kwanza ilikuwa mwito wa kushika silaha. Ni hofu yenye kelele, kama mbiu ya mgambo: ikilia kuna jambo. "Panic" limetokana na Pan, mungu wa wachungaji wa Wagiriki wa kale, aliyedhaniwa kuwatia viumbe kiwewe cha ghafla. Hapo hakuna kufikiri tena. Ni mbio tu, kama ng'ombe walionusa fisi zizini.

Kiswahili nacho hakikulala. Mkulima wa mtama kule Bahi anayetazama mawingu ya Januari yakipita bila kunyesha ana hofu, lakini si mwoga. Hofu huja na kuondoka. Woga ni tabia ya mtu. Hata hivyo wahenga hawakuudharau, ndiyo maana wakasema kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake. Wasiwasi ni shaka inayonong'ona bila ushahidi. Uchaji ni hofu yenye heshima, kama ya mtu amchaye Mungu. Na taharuki? Mzizi wake wa Kiarabu ndio uleule uliotupa neno haraka. Waliotaharuki hawakutulia, wameshaanza kuhangaika huku na huko.

Pengine utasema haya ni mambo ya walimu wa lugha. La hasha. Sheria ya Huduma za Habari iliyopitishwa na Bunge hapahapa Dodoma mwaka 2016 ilifanya kuwa kosa kuchapisha habari ya uongo inayoweza kuleta "fear and alarm" kwa umma. Maneno mawili, si moja. Mwaka 2021 Bunge lilirekebisha sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Basi anayetafsiri ana mzigo mzito. Hofu imo moyoni, na moyo wa mtu ni msitu; taharuki huonekana barabarani. Akiyachanganya, mtu anaweza kujibu shitaka ambalo hakulielewa.

Nasi watangazaji tusijitoe. Ukisema mji umetaharuki wakati watu wamelala, atakayekusikia ataamka, atafunga mizigo na kuwabeba watoto usiku. Taharuki uliyoitangaza kabla haijakuwapo, sasa umeizaa mwenyewe.

Tangu siku ile, kila kalamu yangu inapolikaribia neno hilo, najiuliza swali la mzee wa Majengo kwa namna yangu: nani alikimbia? Nisipompata hata mmoja, naandika hofu.