Mtoto anapojipiga picha kujiuliza 'mimi ni nani?'

Wateja walipoondoka, kijana wa miaka 13 alibaki kwenye studio yake mjini Bangui na vipande vya filamu ambavyo havijatumika. Hakutaka viharibike. Alivaa vizuri, akasimama mbele ya kamera, akajipiga. Picha nyingine alimtumia bibi yake Nigeria ili aone kuwa mjukuu ni mzima.

Hiyo ni katikati ya miaka ya 1970. Kijana huyo, Samuel Fosso, alizaliwa Kameruni mwaka 1962 akiwa na tatizo la kupooza, na ndiyo sababu hakupigwa picha ya utotoni kama watoto wengine. Albamu ya familia ilimruka, akajitengenezea yake. Mwaka 1994 picha hizo zilionyeshwa Bamako, Mali, na leo anajulikana duniani.

Kisa kama hiki kinafaa darasa la falsafa. Nchini Ufaransa, somo hilo husomwa na wanafunzi wa mwaka wa mwisho wa sekondari, wengi wakiwa na miaka 17 au 18. Ni umri ambao chunusi moja inaweza kumfungia mtoto ndani siku nzima.

Mwanafalsafa Jean-Paul Sartre aliandika mwaka 1943 kwamba mtu akitazamwa na mwenzake hujihisi amegeuzwa kitu. Miaka miwili baadaye Maurice Merleau-Ponty alieleza kwamba mwili si chombo tunachokimiliki tu, bali ndiyo njia yetu ya kuwa duniani. Maneno mazito, lakini kamera huyarahisisha.

Mwanafunzi anajipiga picha mbili: moja jinsi anavyodhani watu wanamwona, nyingine jinsi anavyojiona mwenyewe. Kisha anaandika kilichotofautiana. Hapo ndipo kazi ilipo, maana simu nyingi hulainisha ngozi na kupunguza uso zenyewe, na mtoto huanza kujilinganisha na sura ambayo hata yeye hana.

Swali hilo haliishii kwa vijana. Mwaka 1982, mpigapicha Mwingereza Jo Spence aligundulika ana saratani ya titi. Kabla ya upasuaji aliandika juu ya titi lake swali la kama ni mali yake, akapigwa picha, na picha hiyo akaenda nayo hospitalini.

Hata hivyo, Spence alikuwa mtu mzima na aliamua mwenyewe. Mwanafunzi mwenye kovu, ulemavu au anayetaniwa kwa unene hapaswi kulazimishwa kuonyesha mwili ili apate alama. Kivuli, kiganja au viatu vyake vinatosha kabisa kwa zoezi hili.

Mzazi ana haki ya kumuuliza mwalimu picha zitahifadhiwa wapi, nani ataziona na zitafutwa lini. Kundi la WhatsApp la darasa si mahali pa kuzikusanyia, kwani picha ikishasambaa hairudi.

Nyumbani, mtoto anayekwepa kila picha asichekwe. Akianza pia kuruka milo, kujificha kwenye nguo kubwa hata wakati wa joto au kukataa kwenda shule, zungumza naye mkiwa wawili, kisha mpeleke kwa mtaalamu wa afya mapema.