Presha ya Wodini, Dozi ya Nyumbani

Tuchukue mama wa miaka sitini kutoka Ipililo, wilayani Maswa, aliyelazwa kwa kidonda cha mguu. Kisukari anacho miaka mingi. Asubuhi anapimwa presha: 182 kwa 104. Ndugu wanashtuka, na daktari akishtuka nao, dawa mpya inaandikwa kwenye faili papo hapo.

Presha na kisukari aina ya pili kukutana si ajabu. Insulini inapozidi mwilini kwa sababu haifanyi kazi yake sawasawa, figo hushikilia chumvi, huku mishipa ikikakamaa. Figo zikichakaa, presha hupanda tena. Utafiti wa kitaifa wa 2012 uliikuta presha kwa karibu robo ya Watanzania wa miaka 25 hadi 64.

Ila namba ya wodini husukumwa na mengi: maumivu, kukosa usingizi, kibofu kilichojaa, dripu ya chumvi, dawa ya maumivu ya diklofenaki, au mkanda mdogo wa kupimia kwenye mkono mnene. Na lipo lisiloulizwa: vidonge vya presha vilisahaulika nyumbani siku ya safari, au viliisha wiki mbili nyuma. Basi aulizwe kwanza, apumzike dakika tano, apimwe tena.

Akiwa na maumivu ya kifua, pumzi inabana, amechanganyikiwa, haoni vizuri au upande mmoja umelegea, hiyo ni dharura. Bila hayo, haraka inaweza kuumiza. Ule mtindo wa kumwekea mgonjwa nifedipini chini ya ulimi, ambao wataalamu wa Marekani walitaka ukomeshwe tangu 1996, huishusha presha ghafla. Ubongo uliozoea msukumo mkubwa unakosa damu, na kiharusi kilichokuwa kinaepukwa kinakuja. Huko huko Marekani, utafiti wa 2019 kwa maveterani wenye miaka 65 na zaidi ulionyesha kwamba walioongezewa dawa za presha wakati wa kuruhusiwa walirudi hospitali zaidi ndani ya siku 30, na mwaka ulipokwisha mioyo yao haikuwa imefaidika.

Mwenye kisukari ana hatari yake ya ziada. Neva zikiharibika, presha inaweza kuwa 170 amelala na 120 akisimama. Ukiitibu ile ya kitandani peke yake, ataanguka njiani kwenda chooni. Apimwe amelala, kisha amesimama. Mkojo nao upimwe protini. Ikiwepo, dawa za enalapril au losartan hulinda figo, mradi kreatinini na potasiamu zifuatiliwe, na daktari amweleze mapema kusimamisha dawa hizo akitapika au kuharisha sana.

Faida kubwa huja polepole. Utafiti mkubwa wa Uingereza uliotolewa 1998 ulilinganisha wenye kisukari waliofikia wastani wa 144 kwa 82 na wale wa 154 kwa 87. Katika kundi la kwanza vifo vya kisukari vilipungua kwa theluthi hivi, kiharusi kwa asilimia 44. Wastani wa ufuatiliaji ulikuwa zaidi ya miaka minane, na karibu yote ilipita watu wakiwa makwao.

Kwa hiyo karatasi ya kuruhusiwa ina uzito kuliko kipimo cha asubuhi ile. Iseme dawa ipi inaendelea, ipi imeachwa, na lini apimwe tena kwenye kituo cha karibu. Na kabla hajaondoka aulizwe kuhusu magadi ya kulainishia mlenda na maharage: yana sodiamu kama chumvi, ila jikoni hakuna anayeyahesabu.