Kulea Mti Mdogo wa Maua Katika Chungu

Wako baadhi ya walimu walioona vitabuni picha ya mcheri wa Japani uliopandwa katika sinia ya udongo, mti usiozidi dhiraa moja kwa urefu, nao umejaa maua kama mti mkubwa. Wametaka kujua kama mti wa namna hiyo waweza kulelewa hapa kwetu Bweranyange. Twajibu mara moja: mcheri wenyewe, la, lakini kazi yenyewe, naam, na mti uifaao tunao nyuma ya nyumba zetu.

Kazi hiyo Wajapani huiita bonsai, maana yake ni kitu kilichopandwa katika sinia, nao waliipokea zamani kwa Wachina. Wengi hudhani kwamba mti ule ni wa mbegu kibete. Sivyo. Ni mti kama wenzake wa msituni, na ukiutoa chunguni na kuupanda shambani utarefuka kama wao. Udogo wake watoka katika mikono ya mlezi, naye mlezi akifa hupokewa na mwingine. Msunobari mmoja wa ukoo wa Yamaki, wa mji wa Hiroshima, umelelewa chunguni tangu mwaka 1625. Bomu la atomiki lilipouangukia mji ule mwaka 1945, mti ulikuwa nyuma ya ukuta, umbali upatao kilometa 3, ukapona. Mwaka 1976 ulitolewa kuwa zawadi kwa Marekani, nao u hai mjini Washington hata leo.

Mbona basi tunaukataa mcheri? Mti huu ni ndugu wa mpichi na mplamu, nao ni mwenyeji wa nchi za baridi. Majira ya baridi yafikapo hupukutisha majani na kulala, na macho yake ya maua hayafunguki sawasawa mpaka yamepata majuma mengi ya baridi ipunguayo nyuzi 7 za sentigredi. Ukungu wetu wa Juni waweza kumfanya mzee ajifunike blanketi mbili, lakini mcheri hauujali: haulali usingizi wake, wala hauamki. Mwenye kuupanda huku atapata majani machache na maua ya kuhesabika. Tena yuko ndugu yake wa Kiafrika katika misitu ya milima ya Afrika ya Mashariki, mti mkubwa sana ambao gome lake huchunwa kwa dawa; biashara yake imewekwa chini ya ulinzi wa mataifa tangu mwaka 1995, wala hatumshauri mtu aende kuung'oa mche wake msituni kwa ajili ya pambo.

Mti tuusemao ni mbuni. Utazameni vizuri, maana mazoea hutupofusha. Macho yake ya maua hukaa yamefumba wakati wote wa kiangazi. Mvua ya kwanza inyeshapo huamka, na baada ya juma moja hivi matawi yote huwa meupe kwa siku moja, yakinukia kama asumini. Siku ya tatu maua yamekwisha kunyauka. Mcheri hungoja baridi, mbuni hungoja kiu. Kwa uzuri wa maua hatuoni kwamba wetu umeshindwa. Kisha huja buni za kijani, halafu nyekundu, na Waingereza huliita tunda la mbuni lililoiva kwa jina lile lile la tunda la mcheri.

Lakini wazee wana neno juu ya jambo hili, nalo si neno la kupuuzwa. Husema, mbuni ni wa kuchumwa, si wa kuchezewa. Kahawa ya kutafuna ndiyo aliyokaribishwa nayo mgeni katika nchi hii, na watu wawili waliofanya udugu wa damu waligawana punje mbili zikaazo katika tunda moja. Na siku hizi mbuni ndio ulipao karo ya mtoto. Je, ni haki kuufunga chunguni? Twajibu kwamba hatuchukui mti hata mmoja ulio kazini katika kibanja. Chini ya kila mbuni huota miche mingi yenyewe, nayo hukatwa kwa jembe pamoja na magugu. Huo ndio tuutakao. Tena wafalme wa Karagwe, waliokaa hapa hapa Bweranyange, walikuwa na ng'ombe wadogo wa madini katika hazina yao. Stanley aliiona hazina ya Rumanyika mwaka 1876. Ng'ombe wale hawakutoa maziwa, wala hatujasikia kwamba mtu aliwaambia wahunzi wamepoteza kazi yao.

Sasa tuje katika kazi. Ukipata mche wa arabika, uchague huo kuliko wa robusta, ingawa robusta ndiyo iliyoenea kwetu. Jani la robusta ni pana mno, na katika mti wa shubiri mbili huonekana kama shati la baba juu ya mtoto. Tena robusta haijitoshelezi: ua lake halishiki mimba kwa chavua ya mti ule ule, hivyo ukiwa peke yake barazani utachanua bila kuzaa. Arabika huzaa hata ikiwa pekee. Mche na utoke katika kibanja chenye afya. Ugonjwa wa mnyauko, ulioripotiwa katika mkoa wa Kagera mwaka 1997, umeua mibuni mingi ya robusta, na kuvu yake huingia katika jeraha, ikichukuliwa na panga na jembe kutoka mti hadi mti. Kwa hiyo kisu kipitishwe motoni kabla ya kukata, na baada ya kukata kipitishwe tena, hata kama ni kwa mche mmoja tu.

Hapa ndipo wengi wakosapo. Hudhani kwamba kwa kuwa mti utakuwa mdogo, yapasa kuutia katika chungu kidogo tangu siku ya kwanza. Mti uliotendewa hivyo hubaki kama ufito, hauna haiba ya uzee. Shina hunenepa kwa chakula kitokacho katika majani mengi na mizizi mipana; ukiyapunguza majani na kuibana mizizi, shina litanenepa kwa nini? Mti utakaokuwa mdogo sharti kwanza uachwe ukue. Chungu ni cha mwisho.

Basi ukate ncha ya mzizi mkuu, utandike kigae chini ya mche ili mizizi mingine ienee ubavuni, uupande ardhini penye kivuli chepesi, uuache miaka mitatu. Mvua zianzapo, likate shina kwa urefu wa shubiri moja, juu kidogo ya pingili. Machipukizi yatatokea, chagua moja liwe shina jipya, mengine yaondoe. Hivyo shina litakuwa nene chini na jembamba juu, kama la mti mkongwe. Wenye micheri nao hufanya hivyo, ila kwa hofu zaidi, kwa sababu jeraha kubwa la mcheri hutoka gundi na kukawia kufunga.

Tahadhari moja ni ya mbuni hasa. Mti huu una matawi ya namna mbili, nayo hayabadilishani kazi. Yako machipukizi yasimamayo, na yako matawi ya ubavuni, ambayo ndiyo yazaayo. Shina likikatwa, machipukizi yasimamayo huota tena. Lakini tawi la ubavuni likikatwa pale lilipotoka shinani, halioti jingine mahali pale. Kwa hiyo utafakari siku kadhaa kabla ya kuondoa tawi la chini. Na kupogoa kwa kila mwaka kufanywe mara baada ya mavuno, kwa kuwa maua hukaa juu ya sehemu ya tawi iliyokua msimu uliopita. Apogoaye mwishoni mwa kiangazi huyatupa maua pamoja na matawi.

Kwa kupinda matawi, wageni hutumia waya wa shaba. Sisi twaona kamba ya mgomba ni bora. Huvuta tawi taratibu mpaka kwenye kigingi, nayo huoza yenyewe kabla ya kulikata gome lililo laini.

Mwaka wa tano au wa sita, mvua zianzapo, mti uhamishwe katika chungu kipana kisicho na kina, chenye matundu chini. Mizizi ipunguzwe kwa theluthi moja. Udongo uwe wa msituni, uchanganywe na mchanga mnene na samadi ya zamani. Samadi mbichi huunguza. Majuma ya kwanza mti ukae kivulini. Baada ya miaka miwili au mitatu utoe, upunguze mizizi tena, ubadilishe udongo.

Maji ndiyo kazi ya kila siku, na mtoto wa miaka minane aiweza vizuri. Katika kiangazi chungu cha kina kifupi hukauka kwa siku moja. Nyumba itakayofungwa kwa safari ya arusi au msiba, chungu kizikwe mpaka ukingoni chini ya migomba, kimwagiwe maji ya kutosha, na juu yake yatandazwe majani makavu.