Wakombaji na Walinzi wa Tovuti (Sehemu ya Pili)

Katika sehemu iliyotangulia tulibainisha jinsi programu za kukomba taarifa zinavyoweza kuzuru kurasa elfu za tovuti katika muda ambao msomaji wa Karema, aliyesimama bandarini na simu yake akitafuta habari za vyombo viendavyo Kalemie, hajamaliza kufungua ukurasa mmoja. Leo twageukia hila za walinzi.

Seva huandika daftarini mwake anwani ya kila mgeni, saa aliyofika na ukurasa aliotaka, hata mgeni asomaye kurasa mia kwa dakika moja, pasipo kusita wala kurudi nyuma, hujifichua mwenyewe. Lakini mkombaji naye hupunguza mwendo, hujigawa katika anwani nyingi na kujivika jina la kivinjari cha kawaida. Ndipo mlinzi hutega viungo visivyoonekana kwa macho ya mtu, au huleta mafumbo ya herufi zilizopinda, ambayo kwa rai yangu yamewaudhi wanadamu kuliko yalivyozuia roboti.

Dhuluma kubwa zaidi imo katika kufungia anwani. Kampuni za simu aghalabu huwapitisha wateja wengi katika anwani moja ya intaneti, na tovuti ikiifunga kwa kosa la mkombaji mmoja, huenda mvuvi wa Karema, mwalimu wa Ikola na karani wa Mpanda wakazuiwa pamoja naye, wala asiwepo wa kuwaeleza walilokosa.

Kwa sababu hiyo nausifu ustadi wa Mocality, kampuni ya Nairobi iliyokusanya orodha ya biashara za Kenya kwa msaada wa mawakala waliolipwa kwa M-Pesa. Mwaka 2011 wafanyabiashara walipoanza kuiuliza habari za tovuti ambazo yenyewe haikuwauzia, wenye kampuni walilipekua daftari la seva, wakakuta anwani moja ikiipitia orodha yao kwa bidii isiyo ya kawaida. Hawakuifunga. Desemba waliiandalia anwani hiyo, peke yake, kurasa ambamo namba za simu za baadhi ya biashara ziliondolewa na badala yake zikawekwa za wahudumu wa Mocality, wakasubiri. Simu zikaja, na wapigaji wakanadi mradi wa Google wa kuziweka biashara za Kenya mtandaoni, wakidai kwamba wanashirikiana na Mocality, ilhali ushirika huo haukuwapo. Januari 2012 mkuu wa kampuni, Stefan Magdalinski, aliyatangaza yote pamoja na ithibati zake, na Google ikaomba radhi, ikikiri kuwa watu wa mradi wake waliitumia data hiyo isivyostahili.

Na la ajabu ni kwamba, kwa maelezo ya Magdalinski, ukombaji huo ulifanywa kwa mikono ya watu. Basi hakuna fumbo la herufi ambalo lingewazuia, maadamu kila mmoja wao angelifumbua kwa haki kabisa.

Juma lijalo tutaitazama Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya 2022, na kuuliza namba ya simu ya mchuuzi ni mali ya nani.